Anayeanza mazingaombwe: watoto kwanza au wazee?

Mkuu, umesema umejifunza mazingaombwe kwa miezi minne kwenye simu, na sasa umealikwa sehemu mbili: sherehe ya watoto Idi mosi, na makazi ya wazee wiki inayofuata. Waliokutangulia kujibu wamekwambia watoto ndio rahisi kwa kuwa wanashangaa haraka. Mimi nafanya mazingaombwe hapa Tanga kila wikiendi, huu mwaka wa sita, na naona ni kinyume. Kama tarehe zinabadilika, anza na wazee.

Michezo mingi ya mikono inategemea mtazamaji afuate macho yako. Ukitazama kulia, mtu mzima naye anatazama kulia. Mtoto wa miaka sita hana habari na macho yako. Ameukazia mkono ulioshika sarafu na hauachi. Tena kakaa chini kwenye mkeka, anakiona kiganja chako kwa chini, na upande huo hukuujaribu mbele ya kioo nyumbani. Kwenye sherehe yangu ya kwanza nilikuwa "nimeipoteza" sarafu ya shilingi 500. Kabla sijafungua mkono, binti wa kama miaka saba akanyanyuka, akanishika kidole gumba, akakivuta. Sarafu ikadondoka, ikabiringika hadi chini ya meza ya keki. Hakukosa adabu yule mtoto. Alitaka kujua ilipo, na alijua pa kuitafuta.

Tangu siku ile kwa watoto sifichi kitu kiganjani. Nafanya michezo ambayo wao wanaona na mimi "sioni". Leso nyekundu inaning'inia mgongoni, mimi naisaka mfukoni, wao wanapiga kelele "Anko, nyuma! Nyuma!" Nikigeuka, nayo imegeuka. Leso moja inakula dakika tano nzima. Karata waachie wakubwa, maana wa miaka mitano hajui shupaza wala kopa, na kukumbuka aliyoichagua ni mtihani kwake. Dakika 20 zinatosha. Tandika kamba sakafuni kabla hujaanza, uwaambie hakuna kuivuka.

Kwa wazee mambo ni mengine kabisa, na mimi nilikosea vibaya kabla ya kujua.

Mara ya kwanza nilimwomba bibi mmoja sarafu. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, taratibu, vidole vinatetemeka, akanipa shilingi 200. Nikaipoteza. Hakucheka. Akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Basi ndiyo imekwenda?" Nikakimbilia kuitoa nyuma ya sikio lake kama ninavyofanya kwa watoto, mkono wangu ukagusa mtandio, naye akarudi nyuma. Pale pale nikaelewa: nimechukua pesa ya mtu asiye na nyingine, kisha nikamgusa kichwani mtu wa umri wa bibi yangu. Akaipokea, akaifunga tena, mafundo mawili. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Siku hizi sarafu inakuwa yangu, tena huzaa: naweka moja kiganjani mwake, akifungua anakuta mbili, na zote zinabaki kwake.

Halafu kuna suala la uchawi, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito. Usitanie hata kidogo kwamba una majini au "nguvu". Nchi hii ina bibi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kisa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inamgusa hata anayejidai tu kuwa na uchawi. Mimi nasema mwanzoni kabisa: "Wazee wangu, huu ni ufundi wa mikono, nimejifunza kama mtu anavyojifunza kushona." Hakuna kinachopungua. Wanatulia, wanatazama kwa raha.

Usiingie na begi ukaanza. Shikamoo kwa kila mmoja, hata wakiwa 30. Mimi hukaa nao nusu saa begi likiwa mlangoni. Usisimame mbele kama mwalimu; sogea kiti kwa kiti, watu watatu wanne kwa wakati mmoja. Wengi wana mtoto wa jicho, kwa hiyo vitu viwe vikubwa na vya rangi kali. Karata hapa zinafaa sana ukipata zenye namba kubwa. Wazee wa pwani wamecheza karata tangu ujana wao, ukitaja ree ya shupaza wanajua unachosema. Ila uliza kwanza, maana wapo wanaoziona ni kamari.

Na wape muda wa kusema. Nilimkatia kamba mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, kisha ikaungana. Akasema, "Lete." Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuitazama hata. Aliipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, inchi kwa inchi, akasimama. "Hapa." Alikuwa amepata hasa mahali penyewe. Kisha akafunga fundo la kwao baharini, akalivuta likakaza, akanipa nilifungue, nikashindwa. Akashika ncha moja, akalitikisa likaachia lenyewe. Wenzake walipiga makofi kuliko walivyonipigia mimi, na tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri akinifundisha. Kila nikienda hunidai nilifunge mbele yake.

Kwa hiyo beba kamba nene ya pamba kama mita mbili, leso nyekundu, sarafu zako mwenyewe, na mkasi usio na ncha. Uende saa nne asubuhi. Baada ya chakula cha mchana wengi wanasinzia.