Safari imesogea siku mbili, nikamwandikia mgeni "cancelled"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Arusha, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utalii, upande wa bukingi. Mwezi wa nne mvua zilikata barabara tukasogeza safari ya wageni wawili toka Jumanne mpaka Alhamisi. Nikawaandikia "your trip is cancelled until Thursday". Haikupita saa wakajibu wanataka hela yao yote na wameshabuku kwingine. Bosi bado hajanisamehe. Nina PDF ya maneno 1000 ya Kiingereza, nikiangalia humo cancel, postpone, suspend na stop zote wameandika "kusimamisha, kuacha". Naomba unitajie maneno yote ya Kiingereza ya kusimamisha jambo na maana zake niyakariri yaishe.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua inavyouma kumpoteza mteja kwa neno moja. Ila orodha sikupi, na nitakwambia kwa nini, maana swali hili naletewa karibu kila wiki na kila anayeniletea ana PDF kama hiyo yako.

Kwanza hilo la wageni. Cancel ni kufuta. Kitu kikishafutwa hakipo, hakina Alhamisi wala Jumapili, kwa hiyo mgeni wako aliposoma "cancelled" kwake safari ilishakufa hapohapo, hiyo "until Thursday" haikuwa na pa kukaa. Ungeandika "postponed until Thursday" au nyepesi zaidi "moved to Thursday" angekujibu sawa, asante, akaendelea na chai yake. Kumbuka Olimpiki ya Tokyo. Ya 2020 ilikuwa postponed, korona ikaisogeza ikachezwa Julai na Agosti 2021, na jina lake likabaki Tokyo 2020 vilevile. Ila mji huohuo ulishapewa Olimpiki ya 1940, ikahamishiwa Helsinki, vita ikapamba moto, ile ikawa cancelled, haikuchezwa popote na hakuna aliyeirudisha mwaka uliofuata.

Sasa nije kwenye kinachoniuma mimi. Watu wanaamini Kiingereza kina maneno mengi ya kusimamisha jambo na Kiswahili chetu kina moja tu au mawili, kwa hiyo kazi yao ni kuchukua hayo mengi na kuyabandika yote kwenye "kusimamisha". Siyo kweli kabisa! Hebu iandike ile meseji yako kwa Kiswahili: "safari yenu imefutwa mpaka Alhamisi". Umeona? Umeshtuka mwenyewe, usingemtumia hata mtoto. Yaani tofauti unayo kichwani tangu utotoni, ila PDF imekufundisha kuisahau.

Chukua mambo ya kazi. Ukisikia fulani kasimamishwa kazi unajua bado yumo, uchunguzi unaendelea, anaweza kurudi. Huyo ni suspended. Ukisikia kafukuzwa, huyo ni dismissed, au fired kwa lugha ya mtaani. Kapunguzwa, laid off, hana kosa ni kampuni haina hela. Kaacha mwenyewe, resigned, au quit kwa lugha ya mtaani. Hakuna Mswahili anayechanganya kusimamishwa na kufukuzwa, muulize mke wa mwenye mkasa. Ila mtu huyohuyo akishika kalamu ya Kiingereza anaandika "he was stopped from work" na msomaji hajui kama jamaa kafukuzwa au kazuiwa getini. Au Bunge, sote tunajua kuahirisha Bunge ni kitu kimoja na kuvunja Bunge ni kingine, likiahirishwa wabunge wanarudi, likivunjwa tunaenda kupiga kura. La kwanza ni adjourn, la pili ni dissolve. Hiyo adjourn ukiichimba asili yake imetoka Kifaransa cha zamani, ndani yake kuna neno la "siku", yaani kulipangia jambo siku yake, ndo maana mahakamani ukisikia adjourned jiandae kuulizia tarehe. Na suspend asili yake Kilatini ni kuning'iniza, kitu kiko hewani, hakijaanguka na hakijashuka. Ukiwa na picha hiyo hutaiita "kuacha" tena.

Kwa hiyo kabla hujagusa neno lolote la Kiingereza jiulize kwa Kiswahili, hiki kitu kinarudi au hakirudi? Kama kinarudi, kinarudi lini, kuna siku imetajwa au kinaning'inia tu? Na nani kakisimamisha, mwenyewe au mtu wa pembeni? Ukishajibu hayo neno linakuja lenyewe, na kama haliji andika sentensi nyepesi, "we will continue on Thursday", hakuna mgeni aliyewahi kudai hela kwa sababu ya sentensi nyepesi.

Kuna neno moja linanitisha kuliko yote na ndo lililonifanya niache kucheka na hizi PDF. Neno lenyewe ni hold. Miaka kadhaa nyuma jirani yangu, mzee wa watu, alitoka India kwenye matibabu akawa na upasuaji mwingine mdogo wa kufanyiwa huku nyumbani. Anatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Kwenye karatasi aliyokuja nayo kuna mstari: "Hold warfarin 5 days before procedure." Hapo daktari kasema dawa isimame siku tano kabla ya kupasuliwa ili asije akavuja damu. Kijana wake, mwenye moyo mzuri tu, akatafuta hold akakuta "shika, shikilia", akaandika pembeni kwa biro ya bluu "aendelee kushikilia dozi siku 5 kabla". Kinyume kabisa! Mzee akawa anameza kwa nidhamu kila jioni. Karatasi ililetwa kwangu kwa jambo lingine, walitaka niwasaidie barua ya viza, nikaona ule mwandiko wa bluu, nikawauliza upasuaji lini, wakasema kesho kutwa. Tukapiga simu hospitali tukiwa palepale sebuleni na madaktari wakausogeza. Postponed. Hapo hapakuwa na mtu mbaya, kulikuwa na neno moja lenye maana kama kumi hivi na kijana aliyeambiwa kwamba kila neno lina tafsiri moja. Hold kwenye simu ni subiri usikate, hold kwenye bukingi ni kumshikia mtu nafasi ambayo bado hajailipia, hold kwenye dawa ni isimamishe kwa muda. Wakimaanisha usiitumie tena wanaandika discontinue. Na ukikutana na neno la hivyo kwenye karatasi ya hospitali usikimbilie kamusi wala usiniulize mimi, mpigie aliyeiandika.

Stop yenyewe ambayo kila mtu anadhani anaijua ina mtego wake, na huu nauona kwenye CV kila siku. "I stopped to work there in 2019." Aliyeandika anataka kusema aliacha kazi pale 2019. Mwajiri anasoma kwamba 2019 alikuwa anapita njia, akasimama, ili afanye kazi pale. Kuacha kitendo ni stopped working. Ukiweka to, unataja sababu iliyokufanya usimame. Dereva aliyesema "I stopped to smoke" yuko pembeni ya barabara na sigara mkononi, aliyesema "I stopped smoking" hajagusa sigara tena. Na kwenye CV andika tu I left, inatosha.

Pause haina shida, kila aliyewahi kucheza muziki kwenye simu anaijua, wimbo unakusubiri palepale ulipouacha. Interrupt ni kukatiza, mtu anaongea wewe ukadakia, au mvua ikaingia katikati ya mechi. Usiichanganye na disturb ambayo ni kusumbua, unaweza kumsumbua mtu aliyelala lakini kumkatiza maneno yake haiwezekani, hajasema kitu. Put off ni kusogeza mbele, call off ni kufuta, na hapa watu wa bukingi muwe macho maana zote zina off na zote zinaandikwa haraka jioni mkiwa mmechoka.

Sasa hao wanaouza "Kiingereza ndani ya siku 30" kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimeshaletewa PDF zao nyingi, nyingine mtu kalipia elfu tano, nyingine elfu kumi, zote zinafanana makosa kwa sababu wananakiliana, huku neno la Kiingereza, kule neno moja la Kiswahili, basi, hakuna sentensi hata moja, hakuna mfano, hakuna anayekuonyesha neno linakaa na nani. Aliyetengeneza kitu kile hajawahi kukaa na mwanafunzi akamsikiliza anavyokosea. Anakuuzia elfu moja ya maneno, wewe unaona umepata mali, kumbe umenunua elfu moja ya makosa yanayosubiri siku yake, na siku yenyewe haiji darasani, inakuja kwenye imeili ya mteja, kwenye mkataba wa nyumba, kwenye karatasi ya dawa ya mama yako. Maneno kumi uliyokutana nayo ndani ya sentensi za kazi yako mwenyewe yatakufikisha mbali zaidi. Fungua imeili za wageni wa zamani hapo ofisini, wanaoongea Kiingereza tangu kuzaliwa, uone wao wanaandikaje safari ikisogea au ikifutwa, nakili sentensi nzima kwenye daftari, siyo neno.

Na hiyo PDF ifungue leo utafute hold. Kama wameandika "shika" wakaishia hapo, ifute, na wale uliowatumia waambie nao waifute.