Kabla hujapaka ramani rangi, uliza kata iligawanywa lini

Juzi mwanafunzi mmoja ameniandikia: "Dada, nataka kuchora ramani ya ongezeko la watu kwenye vijiji vya pembeni mwa hifadhi. Nianzie wapi?" Swali lake limenirudisha kwenye kikao ambacho hadi leo kinaniuma.

Ilikuwa upande wa Babati, kwenye ushoroba wa Kwakuchinja, wanapopita nyumbu na pundamilia kati ya Tarangire na Manyara. Nilichukua idadi ya watu kwa kata, sensa ya 2012 na ya 2022, nikaziingiza kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani. Kata moja ikatoka buluu: watu wamepungua. Nikaandika kabisa kwamba wanakimbia tembo. Nikachapa ramani kubwa, nikaibandika kwa selotepu ukutani, ofisi ya kijiji.

Mzee mmoja akasimama, akaweka kidole juu ya ile buluu. "Mwanangu, sisi hatujahama. Kata iligawanywa. Wenzetu wako hapa." Kidole kikasogea sentimita mbili tu, mahali ambapo mipaka yangu ya 2012 haikuwa na mstari wowote. Watu wakacheka. Bosi hakucheka, kazi akapewa mwingine. Wiki tatu nilikuwa sijalala vizuri kwa ajili ya ile ramani!

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na mipaka. Kata mpya irudishe kwa mama yake, ile kata ilikomegwa, ndipo ulinganishe. Halafu kumbuka sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala, na ile ya 2022 ilikuwa Agosti 23, kiangazi. Vijana wa Kimaasai wengi wako mbali, wamepeleka ng'ombe malishoni. Picha za setilaiti nazo zisikudanganye. Kwenye picha za setilaiti ya Landsat nukta moja ni mita 30 kwa 30: mabati ya senta yataonekana, boma la udongo na nyasi litamezwa na ardhi. Na mipaka, nasema tena, mipaka!

Tusichukulie mzaha kazi hii. Ukiandika "wamehama", kesho kuna mtu atasema ardhi ile ni tupu, na wenyewe wapo wanakama ng'ombe.

Nilirudi kwa nauli yangu. Yule mzee akanizungusha kwa bodaboda siku nzima, akinionyesha mpaka mti kwa mti. Ukijumlisha kata zote mbili, watu wameongezeka. Ramani ya pili iko ukutani palepale.