Mkimbiaji hakukanyaga besi ya tatu, mwamuzi akakaa kimya

SWALI: Shikamoo mwamuzi. Nafundisha besiboli timu ya shule hapa Dar es Salaam. Kukiwa na auti mbili (wachezaji wawili wameshatolewa, na wa tatu humaliza zamu), wapinzani walikuwa na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili. Mpigaji akapeleka mpira hadi uzioni. Wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta pointi, mpigaji akaishia besi ya tatu. Yule aliyetoka besi ya kwanza hakukanyaga ya tatu, na benchi zima liliona. Mwamuzi hakusema neno. Tulipolalamika, mrushaji wetu alikuwa ameshamrushia mpigaji aliyefuata, tukaambiwa tumechelewa. Hatukudhulumiwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hamkudhulumiwa. Kanuni ya 5.09(c) ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani inataka rufaa, yaani madai ya walinzi kwamba mkimbiaji hakukanyaga besi, itolewe kabla ya mrusho unaofuata, na kabla ya kujaribu kumtoa mkimbiaji kwa njia nyingine yoyote. Mrusho ule mmoja uliwamaliza.

Ninachokisikia karibu kila mechi, na kinachoniuma, ni hili la "mwamuzi aliona akanyamaza". Ndiyo, aliona, na kunyamaza ndiyo kazi yake! Aliyekosa besi hawi auti mpaka walinzi wenyewe wadai. Mwamuzi akimwonyesha kidole, au hata akitikisa kichwa, ameshaisaidia timu moja. Halafu vijana wanafundishwa kumwita mwizi kwa kutimiza wajibu wake.

Mlipaswa kufanya hivi. Kama mchezo umesimamishwa, mrushaji akanyage ubao wake wa kurushia akiwa na mpira, mwamuzi aruhusu mchezo uendelee, kisha mrushaji ashuke nyuma ya ubao na kutupa mpira besi ya tatu. Mlinzi aukamate, akanyage besi, na aseme wazi anamdai mkimbiaji yupi. Kusema ni lazima kwa hali yenu, maana mpigaji alikuwa amesimama palepale na mngeonekana mnamwinda yeye. Na mtupe kwa utulivu: mpira ukipotea nje ya uwanja, rufaa ya besi hiyo dhidi ya mkimbiaji huyo imekwisha.

Mngefaulu, mngefuta pointi moja tu. Aliyetoka besi ya kwanza alilazimika kufika ya pili ili kumpisha mpigaji, hakulazimika kwenda ya tatu. Pointi yake ingefutwa, ya mwenzake aliyemtangulia ingebaki. Angekosa besi ya pili, hiyo ingekuwa auti ya kulazimishwa, yaani ya mkimbiaji aliyelazimika kwenda besi hiyo, na hakuna pointi hata moja ambayo ingehesabiwa.

Ndicho kilichowakuta timu ya Giants ya New York tarehe 23 Septemba 1908. Auti mbili, Fred Merkle besi ya kwanza, mwenzake ya tatu. Mpira ukapigwa, wa besi ya tatu akafika nyumbani, mashabiki wakamiminika uwanjani, na Merkle akageuka kuondoka kabla ya kugusa besi ya pili. Johnny Evers wa Cubs, timu pinzani, akadai mpira na kukanyaga besi hiyo. Mwamuzi Hank O'Day akasema auti. Pointi ya ushindi ikafutika. Mechi ilirudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda na kutwaa ubingwa wa ligi. Evers alikuwa anaijua kanuni, na hakungoja mwamuzi amkumbushe.

Sasa kuna makocha wanaojifunza kanuni kwa video za dakika moja kwenye simu. Wanaona kocha wa sekondari Marekani akitoa rufaa kwa mdomo tu, mchezo ukiwa umesimama, nao wanakuja kudai hivyohivyo. Shule za kule zina kitabu chao kinachoruhusu jambo hilo. Kanuni za ligi kuu ya Marekani haziruhusu. Wengine wanawaambia watoto wamguse mkimbiaji popote na wakati wowote, hata mrusho ukishapita. Huo ni uzushi, na watoto ndio wanaolia mechi ikiisha. Someni kanuni yenyewe, kurasa zake ni chache. Kabla ya mechi muulizeni mwamuzi mnachezea kitabu kipi, na mteueni mchezaji mmoja wa kutangaza rufaa kabla mrushaji hajarusha tena.