Shilingi mia leo au mia na hamsini mwezi ujao?

Siku yangu ya kwanza kukusanya data nilimkuta mama mmoja akikata sukuma wiki kwenye kibanda chake. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: apewe shilingi 100 leo, au 150 baada ya mwezi? Akachagua 100. Na kama ni 200 mwezi ujao? Bado 100. Nikajaza, na kimoyomoyo nikawa nimeshampachika jina: hana subira. Nilipokuwa nafunga tableti akaniambia, "Kijana, wewe leo nakuona. Mwezi ujao nitakutafuta wapi?"

Ninyi mnaoingia kwenye uchumi wa tabia, yaani somo la jinsi watu wanavyoamua mambo ya pesa katika maisha halisi, kosa hilo linawasubiri. Mtapewa orodha ndefu ya udhaifu wa akili ya binadamu: kuogopa hasara kuliko kufurahia faida, kuvutwa na namba ya kwanza kutajwa, kung'ang'ania jambo kwa sababu tu limeshakula pesa. Orodha ni tamu. Baada ya wiki mbili kila mtu, kuanzia mjomba hadi kondakta, mtamwona ana ugonjwa fulani. Kabla ya kumpa mtu ugonjwa, lichunguzeni swali lenu: huenda linampa sababu nzuri kabisa ya kujibu alivyojibu.

Ndiyo maana nasema msome majaribio yenyewe, msiridhike na muhtasari. Chukueni lile la gurudumu la namba, linalohusu kuvutwa na namba ya kwanza, ambalo wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1974. Gurudumu lilichezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa waliopata 10, kadirio la katikati lilikuwa 25. Kwa waliopata 65, lilikuwa 45. Tazameni ufundi wake. Namba imetoka kwenye gurudumu mbele ya macho yao, kwa hiyo hakuna wa kusema alidhani mwulizaji anamdokezea jibu. Mimi kwa yule mama sikuziba mwanya wowote.

Lakini ninalolirudia zaidi ni la hapa Kenya, Busia, lililochapishwa mwaka 2011 na wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson. Wakulima wa mahindi waliijua mbolea, na karibu wote walisema msimu ujao wataitumia. Msimu ukifika, walioitumia hawafiki nusu. Ukiwauliza, wanakujibu hawana pesa. Ni kweli, siku hiyo hawana. Pesa ilikuwepo baada ya mavuno, miezi iliyopita, kabla karo, matanga na mgeni wa ghafla havijaipitia. (Aliyekulia shambani hahitaji profesa wa kumweleza hili.) Basi watafiti wakawafuata mara tu baada ya mavuno: lipia mbolea sasa kwa bei ya kawaida, tutakuletea bila malipo utakapoihitaji. Mradi uliitwa SAFI. Walioitumia mbolea waliongezeka kiasi cha kulingana na kuwapunguzia bei kwa nusu baadaye. Huduma hiyohiyo ya kupelekewa bure, ilipotolewa msimu ukiwa umeshaanza, haikuzaa matunda hayo. Kilichobadilika ni siku ya kubishiwa hodi tu, na mtafiti asiyejua kalenda ya shamba asingeiona.

Kuhusu udanganyifu niseme kwa ufupi. Utafiti wa mwaka 2012 uliodai watu husema ukweli zaidi wakitia sahihi mwanzoni mwa fomu kuliko mwishoni mwake ulifutwa mwaka 2021, baada ya data ya jaribio mojawapo kuonekana ni ya kubuni. Kwa miaka mingi watu walishautumia kama ushauri. Kila tokeo linalowafurahisha, tafuteni nani mwingine amelirudia na akapata nini.

Na mjichunguze wenyewe pia. Mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walionyesha kwamba aliyepewa kikombe hutaka bei ya karibu mara mbili ya ile anayokubali kulipa asiye nacho. Nimelifundisha jaribio hilo mara nyingi. Pikipiki yangu ya zamani imepata wateja watatu mwaka huu, wote nimewaona wanataka kuniibia, na bado iko nyuma ya nyumba chini ya turubai.