Kabla hamjachora amu, kubalianeni nukta

Watu wakiamua kutengeneza gari lao wenyewe lenye saspensheni huru ya nyuma, yaani kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake, kitu cha kwanza wanachotumiana ni michoro ya amu, ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na chasisi. Mmoja anatuma faili la amu ya chini, mwingine breketi za kushikia difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili), wa tatu anauliza bomba liwe na unene gani. Nimeshiriki kazi za namna hii kwa miaka mingi, na wenzangu wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kwa anayeanza nasema hivi: amu ichorwe mwisho. Kinachotangulia ni jedwali la nukta, pamoja na maelezo ya gari ambalo nukta hizo zilikusudiwa.

Nukta ninazosema ni pale viungo vinapochezea: katikati ya bushi (kikombe cha mpira au plastiki kwenye kiungo), katikati ya bol jointi (kiungo cha tufe), katikati ya tundu la shokomzoba. Gurudumu lisiloshikwa na kitu lina njia 6 za kujongea. Saspensheni inafunga 5 na kuacha moja, ya kupanda na kushuka. Amu ya juu yenye umbo la A inafunga mbili, ya chini inafunga mbili, na rodi ndogo inayoshika mwelekeo wa gurudumu inafunga ya tano. Sasa hesabu: amu mbili zina nukta 3 kila moja, rodi ina 2, shokomzoba ina 2, kisha katikati ya gurudumu na jointi ya ndani ya draivu shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu. Jumla ni nukta 12, na kila moja ina vipimo vitatu. Namba 36 zinatosha kueleza mwendo wa upande mmoja wa gari. Chuma kingine chote kipo ili namba hizo zikae mahali pake gari likiwa limebeba mzigo na linakata kona.

Ndiyo maana picha nzuri ya amu hainisaidii kitu kama sijui nukta zake. Amu ya mtu mwingine inaweza kuwa imara na imechomelewa vizuri, ukaifunga kwenye chasisi yako, na gari likawa hatari.

Sifuri iko wapi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limewahi kutugombanisha kuliko suala lolote la kiufundi. Vipimo vinaanzia wapi, na vinaelekea upande gani? Kiwango cha kimataifa cha ISO 8855 kinasema X inaelekea mbele, Y kushoto, Z juu. Kile cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kilichozoeleka Marekani kina X mbele, Y kulia, Z chini. Vyote viwili ni sahihi. Kosa ni kuchanganya namba za kimoja na za kingine ndani ya jedwali moja, kwa sababu hapo nukta ya juu inageuka ya chini na programu ya kuchorea haikwambii lolote. Chagueni kimoja, mkiandike kwenye mstari wa kwanza kabisa wa jedwali, na yeyote anayeongeza namba aanze kwa kuusoma mstari huo.

Kuhusu sifuri ya Z, vitabu vingi huiweka ardhini. Kwa kazi ya kushirikiana mimi nashauri iwekwe kwenye uso wa chini wa chasisi. Sababu yake ni tairi. Tairi la 195/50R15 lina kipenyo cha milimita 576 kabla halijabeba uzito. Mwenzako akifunga 205/60R15, kipenyo kinakuwa 627. Hapo chasisi yote imepanda zaidi ya milimita 25 kutoka ardhini, na kama sifuri ni ardhi basi kila namba ya Z kwenye jedwali lake haifanani tena na yako, ingawa hakuna breketi hata moja iliyosogezwa. Sifuri ikiwa kwenye chasisi, breketi zinabaki na namba zilezile. Kinachobadilika ni mstari mmoja tu, unaosema ardhi iko chini kiasi gani.

Chora upande wa kushoto peke yake. Wa kulia uzalishwe na programu mwishoni kabisa, na jina la upande liandikwe ndani ya mchoro wenyewe, siyo kwenye jina la faili tu. Bamba bapa halina shida, unaligeuza tu. Breketi iliyokunjwa haigeuki. Nimeona mwenzetu akipokea seti nzima ya breketi zilizokatwa na kukunjwa vizuri sana, zote za kushoto.

Suala la faili nalipitia haraka. Faili la STEP, la mchoro wa pande tatu, hubeba kipimo chake, kwa hiyo milimita hubaki milimita. DXF, faili la mchoro bapa la kupeleka kwenye mashine ya kukatia, mara nyingi hufika ikiwa na namba tupu, na mashine iliyopangwa kwa inchi itatoa kitu kikubwa mara 25.4. Weka kando ya kila mchoro mraba wenye pande za milimita 100, na umwombe mkataji aupime kwenye kompyuta kabla hajawasha moto.

Gari lililokusudiwa

Jedwali la nukta bila maelezo ya gari ni nusu ya kazi. Andikeni uzito unaobebwa na kila gurudumu la nyuma, ukubwa wa tairi, ofseti ya rimu (umbali kutoka katikati ya rimu hadi uso wake wa kufungia), umbali kati ya magurudumu, na ugumu wa springi. La springi linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu gurudumu halihisi ugumu ulioandikwa kwenye springi.

Chukua springi iliyovalishwa kwenye shokomzoba, ya N (nyutoni) 50 kwa milimita. Gurudumu likipanda milimita 10, shokomzoba inabonyea 7, kwa sababu imefungwa ndani zaidi kwenye amu. Uwiano ni 0.7, nao huzidishwa kwa wenyewe: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Kwenye gurudumu inabaki N 24.5 kwa milimita. Sasa mwenzako anaona shokomzoba inagusa tangi, anasogeza breketi ya chini ndani kidogo, na uwiano unakuwa 0.6. Kwake gurudumu linahisi N 18. Amepoteza zaidi ya robo ya ugumu kwa kusogeza breketi moja, na atakuja kuwaambia kuwa usanifu wenu ni laini mno. Mtabishana wiki nzima kama hakuandika alichobadilisha.

Uzito nao una neno lake. Hizo N 24.5 zikibeba kilo 180 za mwili wa gari, pembe hiyo ya gari itadunda kama mara 1.86 kwa sekunde. Zikibeba kilo 250, inashuka hadi 1.58. La kwanza ni gari kavu la kimichezo, la pili linaanza kuwa la safari. Kwa hiyo mtu akisifia springi zake, muulize kwanza gari lake lina kilo ngapi nyuma.

Mnaanzia kwenye gari lipi

Wengi hatutengenezi habu (kitovu kinachoshika gurudumu) na difu kuanzia sifuri, tunavitoa kwenye gari la kiwandani. Kubalianeni gari moja la kutolea vipuri na msimamie hapo, kwa sababu kipuri kimoja kikibadilika nukta nyingi zinakifuata.

Saspensheni ya nyuma ya Jaguar, iliyoanza mwaka 1961 kwenye E-Type na Mark X, imependwa sana na watengenezaji wa magari ya kipekee, na ni nzuri kwa kweli. Lakini ina siri moja ambayo kila anayeigusa lazima aijue: draivu shafti yake yenye krosi (jointi inayopinda lakini hairefuki) ndiyo amu ya juu. Inazungusha gurudumu na papo hapo inalizuia lisilale. Nimewahi kuona pendekezo la kuweka shafti ya kisasa yenye sivi jointi inayoteleza, yaani inayoweza kurefuka na kufupika, kwa nia njema ya kupunguza uzito na mtetemo. Shafti inayoteleza haizuii kitu. Ukiiweka hapo bila kuongeza amu ya juu, gurudumu limebaki bila mshiko juu. Pendekezo la namna hiyo huonekana kuwa la kipuri kimoja, kumbe linafuta usanifu mzima.

Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina amu mbili kila upande hata nyuma. Kwa kikundi kinachoanza, mimi ningechagua mpangilio wa aina hiyo, kwa sababu kila kiungo kina kazi inayoeleweka na mtu mpya anaweza kuukagua. Rodi 5 kama za Mercedes-Benz 190 ya mwaka 1982 ni kazi ya kuheshimika sana, ila kule ulaini wa kila bushi umepimwa kwa makini na kiwanda. Ukinakili nukta bila bushi zilezile, umenakili nusu.

Kipimo kinachoamua

Kama kikundi chenu kina nguvu ya kupima kitu kimoja tu, pimeni jinsi gurudumu linavyobadili mwelekeo likipanda na kushuka. Kwenye kona, gurudumu la nje hubeba mzigo na kupanda. Sehemu yake ya mbele ikielekea nje wakati huo, nyuma ya gari inavutwa nje ya kona, na dereva anapotezewa gari kwa kasi ambayo hakuitegemea. Ikibaki palepale au ikielekea ndani kidogo sana, gari linatulia. Mlalo wa gurudumu unaharibu tairi na kupunguza mshiko. Mwelekeo wa gurudumu unaweza kukupindua, kwa hiyo huo ndio wa kupimwa kwanza.

Kifanyike hivi. Chasisi ikae imara juu ya stendi, springi itolewe, na gurudumu livuliwe. Funga ubao ulionyooka kwenye habu. Simamisha geji mbili za saa (vipimio vyenye mshale kama wa saa) ziguse ubao huo, moja mbele na nyingine nyuma, kwa kimo kimoja, zikiachana milimita 400. Pandisha habu kwa jeki milimita 10 kila mara, kutoka 50 chini ya usawa wa kawaida hadi 50 juu, na uandike geji zote mbili kila hatua. Gurudumu likilala au likisogea pembeni, geji zinasogea sawasawa. Tofauti kati yao ndiyo mwelekeo. Tofauti ikiongezeka milimita 1 kwenye hizo 400, mwelekeo umebadilika kama digrii 0.14. Kisha weka washa (kipande bapa cha duara chenye tundu) ya unene wa milimita 2 chini ya kiungo cha ndani cha rodi, upime tena. Utaona mstari mzima wa vipimo vyako ukibadili mwinamo, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini tunang'ang'ania milimita.

Matokeo hayo yawekwe kando ya jedwali, kila gari kivyake. Magari mawili yaliyotengenezwa kwa mchoro mmoja huweza kutoa mistari tofauti, na mara nyingi chanzo ni moto wa kuchomelea uliovuta breketi. Ndiyo maana mchoro wa jigi, ile fremu ya kushikia vipande wakati wa kuchomelea, una thamani kuliko mchoro wa amu. Jigi yenye bolti zilizopita kwenye matundu ya nukta hushika breketi zisikimbie wakati chuma kinapoa. Shirikisheni jigi kwanza. Mwenye jigi sahihi anaweza kubadili umbo la amu apendavyo, nukta zikabaki zilezile.

Kuna jambo moja ambalo sikubali lipitishwe kwa kura: rodi endi (kiungo cha tufe chenye shina la nyuzi za skrubu) iliyowekwa kwenye kiungo cha nje cha amu ya chini huku nyuzi zake zikibeba mzigo wa kupinda. Nyuzi hukatika ghafla, bila kutoa onyo. Rodi endi ivutwe na kusukumwa tu, na bolti yake ishikwe pande zote mbili.

Nani anabadilisha, na kwa ruhusa gani

Jedwali liwe na mtunzaji mmoja. Kazi yake ni kuhakikisha kila mabadiliko yana namba ya toleo, tarehe, jina la aliyependekeza na sababu. Sababu ndiyo inayosahaulika. "Nukta ya ndani ya rodi imepandishwa milimita 2" haitoshi. Andika kwamba imepandishwa kwa sababu gurudumu lilikuwa linaelekea nje likipanda, na kipimo kipo. Atakayekuja baadaye akitaka kuirudisha ili exozi ipite, ataona anachokigusa.

Kwa leseni, CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya nyuklia, ilitoa toleo la pili la leseni yake ya vifaa huria mwaka 2020, likiwa na namna tatu, kuanzia iliyo legevu hadi iliyo kali. Mimi naiunga mkono ile kali, inayomtaka anayesambaza usanifu uliobadilishwa autoe na mabadiliko yake. Kwenye mambo ya saspensheni, badiliko lililofichwa linaweza kumfikia mtu ambaye hajui kwamba gari lake halifanani na mchoro aliousoma.

Matoleo ya zamani msiyafute hata yakionekana duni. Mtu aliyejenga kwa toleo la pili anaendelea kuendesha gari lake wakati ninyi mko la saba, na akigonga kando ya barabara atahitaji amu inayokubaliana na breketi alizonazo. Mpeni mchoro wa toleo lake, pamoja na maelezo ya tatizo lililowafanya mliache.