Tunga Swali la Dodoso Pamoja na Misimbo Yake

Data nyingi huharibikia mezani, kabla mdadisi hajabisha hodi kwenye kaya ya kwanza. Anayetunga swali bila kujua jibu lake litaingiaje kwenye safu ya Excel au SPSS (programu ya kuchambua takwimu) anajirundikia kazi, na kuna makosa ambayo hata kazi hiyo haitayafuta. Ndiyo maana tunasisitiza: swali na misimbo yake, yaani namba zinazowakilisha majibu, vitungwe kwa wakati mmoja.

Tuchukue utafiti wa maji ya kaya. "Je, mnapata maji safi na ya kutosha?" ni maswali mawili. Mwenye maji tele yaliyo machafu ajibu nini? Ligawanye, kisha weka kipindi: "Katika siku 7 zilizopita, maji ya kunywa ya kaya hii yalitoka wapi hasa?" Neno "hasa" linadai jibu moja tu. Orodhesha bomba la ndani au uani, kioski, kisima cha pampu, chemchemi, mto, na mwisho "Mengineyo (taja)". Sasa yuko anayenunua madumu kwa muuza maji wa mkokoteni, na huyo muuzaji amechota kwenye kioski. Wadadisi wawili watamwandika sehemu mbili tofauti, mwongozo wao usipoamua mapema. Ukihitaji kujua chanzo na pia namna maji yanavyofika nyumbani, uliza maswali mawili.

Muda nao una mtego. WHO na UNICEF wanahesabu huduma ya msingi kuwa maji ya chanzo kilichoboreshwa (kilichojengwa kwa namna ya kukinga maji dhidi ya uchafu) yanayopatikana ndani ya dakika 30 kwenda na kurudi, pamoja na foleni. Swali lisilotaja foleni halikupi kipimo hicho. Ukiuliza saa ya kwenda kisimani, mhojiwa atasema "saa moja". Mdadisi mmoja ataandika 1, mwingine 7, na huwezi kubaini baadaye nani alimaanisha nini. Weka swali la pili, asubuhi au jioni, na uiachie programu kubadilisha.

Umri andika kwa miaka kamili, makundi utayaunda wakati wa uchambuzi. Ukilazimika kutumia makundi, yasigongane: 18–24 kisha 25–34, kamwe si 18–25 kisha 25–35.

Tenga misimbo ya "Hajui" na "Amekataa" isiyoweza kuwa jibu halisi. Wengi hutumia 98 na 99. Kwa swali lenye orodha fupi ya majibu hazina shida, lakini kwenye idadi au umri ni hatari. Kaya 19 zenye wastani wa watoto 4 zina watoto 76. Ongeza kaya moja iliyoandikwa 99, wastani unaruka hadi 8.75. Tumia -98 na -99, uzitangaze kwenye SPSS kuwa data zinazokosekana. Na 0 ni jibu. Nafasi tupu si sifuri.

Kwa swali la majibu mengi, kila jibu lipate safu yake ya 0 na 1. Ukiingiza "1,3,5" kwenye seli moja, programu itayasoma kama maandishi. Katika KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa simu au tableti, majina ya majibu ya swali la namna hiyo yasiwe na nafasi ndani yake, kwa kuwa nafasi ndiyo inayotenganisha majibu. Mwambie pia mdadisi kwa herufi kubwa: SOMA MAJIBU au USISOME. Nusu ya timu ikisoma na nusu isisome, umefanya tafiti mbili bila kukusudia.

Maswali wazi, yaani yasiyo na orodha ya majibu, yawe machache, yale ambayo kweli hujui majibu yake. "Kwa nini hamchemshi maji?" linasikika kama karipio, na mhojiwa ataanza kujitetea. "Ni sababu zipi zinazofanya maji yasichemshwe hapa?" linampa nafuu. Mdadisi aandike maneno ya mhojiwa mwenyewe: "mkaa ghali, maji yananuka moshi" yana sababu mbili, lakini akiyafupisha kuwa "gharama" moja imepotea.

Kitabu cha misimbo ya maswali hayo wazi kianze na majibu 40 au 50 yaliyochukuliwa kutoka maeneo na wadadisi wote. Hamsini ya mwanzo mara nyingi huwa ni ya kijiji kimoja. Kila msimbo upewe maana, kinachoingia, kisichoingia, na mfano. Kisha watu wawili wapange majibu yaleyale bila kutazamana, mpime kwa kappa ya Cohen, kipimo cha jinsi wawili hao wanavyokubaliana (1 ni kukubaliana kabisa), ambacho huondoa makubaliano ya bahati. Chini ya 0.6, rudini kwenye maana za misimbo kabla ya kulaumiana. Msimbo mpya ukizaliwa katikati ya kazi, yaliyokwisha kupangwa yapitiwe upya yote. "Mengineyo" ikizidi asilimia 10 ifungueni, kuna kundi limejificha humo. Safu ya maneno asilia msiifute hata baada ya ripoti kutoka.