Maneno ya rifaineri na depo: shika joto kwanza, mengine yatajipanga

Mkuu uliyeuliza, umesema umepata atachimenti kwenye depo ya mafuta Mombasa na wazee wa pale wanakurushia tu maneno, API, swiiti, flashi, poa pointi, intafesi, residyu, na wewe unaitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa maabara Changamwe enzi rifaineri, yaani kiwanda cha kusafisha mafuta, bado inasafisha (ilianza 1963, ikaacha 2013, sasa hivi ni matangi tu ya kuhifadhia), baadaye nikahamia Ghuba, kwa hiyo nakueleza vile tunavyoongea wenyewe, ya kwenye vitabu utasoma mwenyewe.

Shika hili kwanza: maneno mengi pale yanauliza swali moja tu, haya mafuta yakifika joto fulani yanafanya nini. Basi.

Anza na krudi, yaani mafuta ghafi. Yanapashwa kwenye tanuri mpaka nyuzi 350 na kitu, yanaingia kwenye mnara, mvuke unapanda na kila kitu kinarudi kuwa kimiminika kwenye ghorofa yake, gesi ya kupikia inatokea juu kabisa, inafuata nafta ambayo ndio mama wa petroli, afu mafuta ya taa, afu dizeli, na chini kabisa linabaki zito jeusi ambalo halikuchemka, hilo ndio residyu. Ukilazimisha residyu kwa moto zaidi linaungua na kuwa makaa ndani ya mabomba, kwa hiyo linapelekwa mnara wa vakyumu ambako presha imeshushwa, na presha ikishuka kitu kinachemka mapema, watu wa Limuru wanalijua hili, maji yanachemka haraka ila maharage hayaivi.

Sasa krakingi ni kitu kingine, usichanganye. Mnara unatenganisha tu kilichokuwemo, krakingi inavunja molekyuli kubwa ziwe ndogo, unachukua zito lisilo na bei unalitoa petroli. Changamwe hatukuwa na kraka, ile ilikuwa inaitwa hidroskiming, unatenga, unapunguza salfa, unapandisha okteni ya petroli (nitaieleza chini), basi, na mafuta mazito yanabaki mengi ambayo soko lake ni dogo na bei yake mara nyingi iko chini hata ya krudi yenyewe. Wengi humu walibishana sana kwa nini ilifungwa, siasa zilikuwepo sikatai, lakini kwa maoni yangu hesabu ilianzia hapo.

API ni wepesi wa mafuta. Maji yana 10, namba ikipanda mafuta ni mepesi zaidi. Krudi ya Murban ya Abu Dhabi tuliyokuwa tunaipokea iko kwenye 40 hivi, hiyo ni nyepesi na inatoa dizeli na petroli nzuri. Swiiti maana yake salfa iko chini ya asilimia 0.5, ikizidi inaitwa saua (sour), yaani chachu. Ila usidanganyike kwamba swiiti ndio haina shida, mafuta ya Turkana salfa yake ni ndogo sana lakini yamejaa nta, poa pointi yake, yaani joto ambalo chini yake mafuta hayamiminiki tena, iko karibu nyuzi 40, maana yake ukiyaacha kivulini yanaganda kama samli, ndio maana yalikuwa yanaletwa Mombasa kwa malori yenye matangi ya kutunza joto mpaka meli ya kwanza ikaondoka Agosti 2019. Na ndio maana lile bomba la Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, limewekewa mfumo wa kupasha moto njia nzima.

Flashi pointi, yaani joto ambalo mvuke wa mafuta unaanza kushika moto ukiguswa na mwali, ndio niliyoipenda kuliko zote. Unaweka dizeli kwenye kikombe cha shaba chenye kifuniko, unapasha polepole huku inakorogwa, kila baada ya nyuzi kadhaa unafungua kijidirisha na kimwali kidogo kinachungulia ndani, huoni kitu, huoni kitu, afu ghafla pu! mwali wa bluu unapita juu na kuzima. Hapo unasoma kipimajoto. Dizeli safi kwa kawaida inavuka 55, mafuta ya taa yanaweza kuwaka kwenye 38 au 40 na kitu. Kuna siku ililetwa sampuli ya dizeli ya kampuni moja sitaitaja, ikapiga kwenye 44, hakuna aliyehitaji mashine nyingine kujua imechakachuliwa na mafuta ya taa. Mchezo huo ndio uliofanya Tanzania ipandishe kodi ya mafuta ya taa 2011 na Kenya ikafuata 2018, aliyeumia zaidi ni mama wa koroboi lakini hiyo ni mada nyingine.

Okteni sio nguvu ya petroli jamani, ni uvumilivu wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini. Tuendelee.

Hapo depo utasikia zaidi kuhusu ujazo. Mafuta yanavimba kwa joto, lori la lita 36,000 za dizeli likipanda nyuzi 10 linaonyesha karibu lita 300 zaidi ambazo hazipo, kwa hiyo ukidipu tangi, yaani ukipima kina cha mafuta, lazima uchukue na temprecha na densiti (uzito kwa ujazo), afu urudishe hesabu kwenye nyuzi 20. Ugomvi mwingi wa madereva na depo unatokea hapa, wala sio wizi kila mara. Intafesi nayo ni pale petroli na dizeli zinapokutana ndani ya bomba la kwenda Nairobi, maana zinafuatana kwenye bomba lilelile, katikati panachanganyika, watu wa kontroli wanaangalia densiti ikianza kuhama wanakata ule mchanganyiko upelekwe tangi la slopu, yaani la mafuta yaliyochanganyika.

Petrokemikali kwa kifupi, nafta au gesi inapigwa moto wa nyuzi 800 na zaidi inakuwa ethilini, na ethilini ndio inageuzwa plastiki ya ndoo na mabomba.

Mwisho H2S, gesi ya sumu (haidrojeni salfaidi), hii usiiandike daftarini tu. Inanuka yai bovu ikiwa kidogo, ikiwa nyingi inaua pua kwanza hunusi kitu, kwa hiyo harufu ikikata ghafla usifurahi. Kidetekta kikilia tazama soksi ya upepo, toka kwa ubavu afu panda kule upepo unakotokea, na mwenzio akianguka usimfuate bila mtungi wa hewa mgongoni, piga kengele.